Tafakari niliyotuma asubuhi imenirudia mwenyewe, naombeni ushauri ndugu zangu

mnunuzi_wa_mazao:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo kwa ndugu zetu Wakatoliki, na wale wa nyumbani Dodoma mbukwenyi.

Naomba mnivumilie maana ni ndefu kidogo na sijazoea kuandika mambo yangu hadharani. Mi nafanya biashara ya mazao, nanunua mahindi na alizeti vijijini huku Kongwa na Chamwino napeleka soko la Kibaigwa, huu ni mwaka wa 9. Kanisani ni mzee wa kanisa. Na kwa miaka minne sasa nimekuwa natuma tafakari ya kila siku kwenye grupu letu la WhatsApp, naamka saa 11 alfajiri nasoma mstari naomba naandika aya mbili tatu, natuma kabla watu hawajatoka kwenda kwenye mihangaiko. Grupu lina watu zaidi ya 200, wengine wako Dar wengine Mwanza, wengine hata siwajui wameongezwa na ndugu zao, na wengi huwa wananiandikia kwamba neno limewasaidia.

Sasa Jumanne ya wiki iliyopita niliandika juu ya Luka 6:38, "Wapeni watu vitu, nanyi mtapewa, kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika". Nikaandika kuhusu sadaka, kwamba ukimpimia Mungu kwa kijiko usitegemee akupimie kwa gunia. Watu wakaitika amina nyingi tu. Mi nikaenda zangu stoo.

Mida ya saa 4 hivi ikaingia voisi kwa namba nisiyoijua, haikutumwa kwenye grupu, imekuja kwangu peke yangu. Ni sauti ya mama mtu mzima. Anasema, "Mwanangu shukrani kwa neno, mjukuu wangu amenisomea. Hicho kipimo cha kushindiliwa na kusukwasukwa nakijua, ndicho ulichonipimia mimi mwaka ule baba yenu anaumwa. Mungu akubariki." Basi, imeishia hapo. Hakugomba wala hakunilaani, alivyosema Mungu akubariki alimaanisha kabisa unasikia kwenye sauti. Nimeisikiliza hiyo voisi sijui mara ngapi.

Kwa asiyejua tunavyonunua, ngoja nieleze. Pale Kibaigwa kuna mizani, unauza kwa kilo. Lakini kijijini hakuna mizani, ni debe. Kijana wangu anakaa chini analibana debe kwa magoti, mwingine anamimina, likijaa wanalitikisa chini mara tatu mahindi yakae, anakandamiza kwa viganja, anamimina tena mpaka linafanya kichuguu juu na punje zinaanza kudondoka pembeni. Hiyo ndiyo debe moja. Na debe lenyewe limetanuliwa tumbo. Zikifika sita mkulima analipwa gunia moja. Gunia ambalo halitakiwi kuzidi kilo 100 nikilifikisha Kibaigwa linasoma 130, na hizo 30 za juu ndiyo faida yangu. Kununua kwa gunia kuuza kwa kilo, ndiyo biashara yenyewe wala sio siri, wote tunafanya, ndiyo lumbesa hiyo.

Sasa urudi usome ule mstari polepole. Kujaa, kushindiliwa, kusukwasukwa, hata kumwagika. Ni hatua zile zile moja moja kama vile Bwana Yesu alikuwa amekaa pembeni ya turubai anatuangalia. Ila yeye anasema hicho ni kipimo cha anayetoa. Mi nimekigeuza kikawa cha anayechukua, halafu asubuhi naamka nakihubiri.

Na yule mama nimemkumbuka. Gunia 8. Mzee wake alikuwa amelala kwenye mkeka nyuma ya nyumba, anakohoa, na sisi tunatikisa debe. Alikuwa anatafuta hela ya hospitali hata hakubishana.

Tangu siku ile sijatuma tafakari. Watu wananiuliza kama naumwa. Naomba ushauri kwenye haya: niendelee kutuma au niache? Kurudisha nitarudisha vipi, maana ni miaka 9, vijiji vingi, wengine siwajui hata majina na wengine wameshafariki. Mke wangu bado sijamwambia, hela yote iko kwenye nyumba imefika lenta. Halafu nikiacha lumbesa nitafanyaje kazi na wenzangu wanaendelea, gari linakodishwa kwa idadi ya magunia sio kwa kilo, kwahiyo mwenye gunia nene ndiye anayepona. Najua Sheria ya Vipimo inakataza, hilo halihitaji kunikumbusha. Nauliza kama Mkristo.

neema_yatosha:

Pole sana mtumishi. Hiyo ni vita, adui ameona neno linafika mbali ameamua kukuziba mdomo kwa kukukumbusha ya nyuma. Warumi 8:1, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu. Tubu, funga siku tatu, halafu endelea kutuma tafakari kwa nguvu zote. Usimpe adui nafasi. Tunakuombea.

katekista_mstaafu:

Milele amina mwanangu. Mimi ni katekista niliyestaafu, niko Kondoa, nimefundisha watoto na watu wazima miaka mingi.

Dada neema_yatosha namheshimu na mstari alioutoa ni wa kweli, ila kwa hili sikubaliani naye. Huyo mama sio adui. Huyo mama ndiye alikuwa na tafakari ya siku ile, wewe uliandika nusu yeye akamalizia.

Kwanza kuhusu huo mstari wenyewe. Ukiusoma peke yake unaweza kudhani ni wa sadaka ya kanisani, na tunaupenda sana siku ya mavuno. Lakini anza nyuma kidogo. Mstari wa 35 anasema wapendeni adui zenu, tendeni mema, na kukopesha msitumaini kupata malipo. Wa 36, iweni na huruma kama Baba yenu alivyo na huruma. Wa 37, msihukumu. Ndipo anafika kwenye kipimo. Ni habari ya mtu na jirani yake, jinsi unavyomtendea aliye chini ya mkono wako. Mbele kidogo, sura hiyo hiyo mstari wa 46, anauliza, "Na kwa nini mwaniita Bwana, Bwana, walakini hamyatendi nisemayo?" Kwahiyo usingekwepa, ungeendelea kusoma ungekutana naye tu.

La kutuma au kuacha, nenda Mathayo 5:23 na 24. Sisi Wakatoliki somo hilo hulisoma kwenye misa ya Ijumaa ya wiki ya kwanza ya Kwaresima na kila mwaka huwa linanichoma. "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako". Angalia vizuri, hakusema wewe una neno juu ya ndugu yako. Ni yeye ana neno juu yako. Ukute wewe moyoni huna shida na mtu, umelala vizuri, lakini yuko mtu mahali akisikia sauti yako anakumbuka debe. Anasema iache sadaka mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza. Kisha urudi uitoe. Tafakari zako ndiyo sadaka yako. Hakusema uitupe wala hakusema sadaka ni mbaya. Iache pale pale ilipo, nenda, halafu urudi. Kwahiyo jibu langu ni kwamba umefanya vizuri kunyamaza, ila usikae umenyamaza huku umekaa nyumbani. Kunyamaza kwa kukaa ni aibu tu, lazima miguu iende.

Na Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, sihitaji kukuelezea maana naona umeshamfikiria. Nikwambie tu jambo moja watu huliruka. Yesu hakumwambia rudisha. Alimwambia shuka upesi, leo imenipasa kushinda nyumbani mwako. Aliingia kwake kwanza, Zakayo akiwa bado na mali ya watu ndani. Zakayo mwenyewe ndiye aliyesimama akasema nusu ya mali nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne. Ndipo Bwana akasema leo wokovu umefika nyumbani humu. Kwahiyo usirudishe ili upendwe. Umeshapendwa, ameshaingia kwako tangu Jumanne kwa sauti ya mama wa watu.

mkulima_mpwapwa:

Mi nitaongea kutoka upande wa pili maana naona wanaochangia wengi hawajawahi kusimama pale debe linapopimwa.

Mleta mada nakushukuru kwa kusema ukweli, sijawahi kuona mnunuzi akisema. Ila ujue hivi. Sisi tunajua. Hakuna mkulima asiyejua kwamba lile debe limetanuliwa. Unamwangalia kijana wa mtu anakandamiza mahindi yako kwa viganja, unahesabu kimoyomoyo, mkeo anakuangalia, watoto wanaokota punje zilizodondoka na ukisema kitu mnunuzi anakwambia basi mama subiri mwingine, anafunga turubai anaondoka, na wewe kesho unatakiwa hospitali au una deni la pembejeo. Ndiyo maana yule mama hakubishana. Hakuwa amekubali, alikuwa hana pa kwenda.

Sasa kama kweli unataka kurudisha nisikilize kwa mambo haya nakuomba kama mdogo wako au kaka yako sijui.

Usirudishe hela. Rudisha mahindi. Ulichukua kilo zake mwezi wa 7 mahindi yapo kila kona bei iko chini, sasa hivi mwezi wa 2 mvua bado inanyesha shambani hakuna kilichokomaa, ghala za watu zimebaki vumbi. Ukimpa hela ya bei ya mwezi wa 7 ataenda dukani kununua kwa bei ya mwezi wa 2, atapata nusu ya alichokupa, utakuwa umempunja mara ya pili na safari hii umemwombea kabisa. Kilo kwa kilo.

Njoo na mizani. Mpimie mbele yake, mjukuu asome namba. Sisi tumechoka kuambiwa "mama hii ni nyingi tu".

Usije na kamera. Nakuomba sana. Usije na watu wa kanisa wamevaa sare wanaimba, usitangaze Jumapili, usimpige picha akipokea gunia uweke kwenye status. Hilo gunia ni lake, sio msaada. Anayemrudishia mtu kitu chake hapigi picha.

Na usimwombe msamaha halafu ukakaa kusubiri akwambie nimekusamehe. Mpe muda. Mzee alishakufa au yupo?

mnunuzi_wa_mazao:

Alishafariki ndugu yangu. Mwaka ule ule. Nimeulizia jana kwa mtu wa kijiji kile.

Nimesoma mliyoandika, nimekaa nayo. Nina swali dogo kwa katekista, shikamoo mzee wangu. Hesabu ya huyu mama nimeipiga ni gunia 8, kila moja imezidi kilo 30, jumla 240. Mara nne ni kilo 960, karibu tani nzima. Kwa huyu mmoja naweza nikijikaza. Lakini nikifanya hivyo kwa wote hata nyumba nikiuza haitoshi. Nisipofanya mara nne nitakuwa nimefanya nusu ya neno?

katekista_mstaafu:

Marahaba mwanangu.

Mara nne ilikuwa nadhiri ya Zakayo, hakuagizwa. Wengine husema aliichukua kwenye Kutoka 22, aliyeiba kondoo akamchinja au kumwuza alipe kondoo wanne, yani alijihesabu mwenyewe kuwa ni mwizi. Lakini kwa mtu anayejileta mwenyewe na kuungama, torati ina kipimo kingine. Hesabu 5:7, ataungama dhambi yake, atarudisha kwa utimilifu wake, na kuongeza juu yake sehemu ya tano. 240 ugawe kwa 5 ni 48. Jumla kilo 288. Mstari unaofuata unasema kama mwenyewe hayupo wala hana jamaa wa karibu wa kurudishiwa basi hiyo malipo ni ya BWANA, inakwenda kwa kuhani. Na wale waliofariki wasio na mtu uwafikirie kwa njia hiyo, lakini tafuta kwanza watoto wao, tafuta kweli kweli usikimbilie hilo.

Anza na mmoja. Usipige hesabu ya wote usiku huu, itakuua na hutaenda hata kwa huyo mmoja.

mama_wa_sado_majengo:

Habari zenu wapendwa, mi nauza maharage, karanga na uwele pale Majengo sokoni, napimia kwa sado, yale makopo ya rangi. Nimesita kuchangia maana huu uzi umenigusa na mimi, sado nazo zina mambo yake, kuna wanaopasha moto kitako wanakisukuma ndani kinabinuka. Yangu sijawahi ila kidole gumba ndani ya sado wakati wa kupima hicho nimekitumia sana, na kidole hicho ni cha kwangu siwezi kusema ni mtu mwingine.

Nilichotaka kusema ni kuhusu tafakari yenyewe. Mi nilikuwa napokea tafakari kama nne kila asubuhi kutoka magrupu tofauti, nasoma zote naitika amina, ikifika saa 3 ukiniuliza ilisema nini siwezi kukwambia hata moja. Yakobo anasema ni kama mtu anayejiangalia kwenye kioo, akienda zake mara anasahau alivyo. Nikajiona ndiyo mimi, tena mi nilikuwa na vioo vinne.

Sasa nina daftari la madeni, kila anayefanya biashara analijua. Mwaka juzi nikaanza kuandika mstari juu ya ukurasa, mmoja tu, na chini yake naacha nafasi ya jina la mtu. Siandiki nimejifunza nini. Naandika jina la mtu ambaye mstari ule unanipeleka kwake, na jioni nikifunga meza natia alama kama nimeenda au sijaenda. Kama sijaenda, kesho yake sisomi mpya, nabaki na ule ule. Kuna mstari mmoja, ule wa enenda ukamwonye wewe na yeye peke yenu, nimekaa nao siku 19 kwa sababu jirani yangu wa meza tulikuwa hatuongei. Siku 19 naufungua uko pale pale na jina lake liko pale pale. Siku ya 20 nikamnunulia chai ya rangi na chapati nikampelekea, tukaongea. Alikuwa na neno juu yangu ambalo hata sikulijua, kumbe nilimchukulia mteja.

Kwahiyo kaka yangu ushauri wangu kwa tafakari zako, ukirudi kutuma tuma kidogo. Ikibidi tuma moja kwa wiki. Watu hawajakosa neno la kusoma.

Na mkeo mwambie leo. Usianze kurudisha mahindi ya watu kwa kumficha mwenye nyumba, hiyo nayo ni lumbesa. Yeye ndiye atakayekaa bila bati huo mwaka, ana haki ya kujua kwa nini.

neema_yatosha:

Wapendwa nimefuatilia. Nilijibu haraka, naomba radhi kwa mleta mada. Nilikuona wewe tu sikumwona yule mama. Naendelea kukuombea, na yeye pia namwombea.

mjukuu_wa_mvumi:

Nitasema kidogo tu. Bibi yangu alikuwa Mwanglikana wa Mvumi, mtu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukapita Uganda ukaingia na huku kwetu. Wale wazee walikuwa na neno wanaita kutembea nuruni. Mtu akiokoka, kitu cha kwanza hakikuwa kuimba, ilikuwa kurudisha. Jembe la watu, shuka la hospitali, mbuzi wa mwajiri. Bibi alituhadithia alivyotembea kwa miguu kutwa nzima kurudisha kisu cha jikoni alichochukua alipokuwa anafanya kazi kwa wamisionari, na alipofika yule mzungu mwenyewe alishasahau kama alikuwa na kisu. Alikirudisha hivyo hivyo.

Sasa hivi tunafundishwa mavuno, mbegu, mafuta, upako, yote sawa, ila neno kurudisha silisikii madhabahuni. Nilipoona huu uzi nikamkumbuka bibi.

Kuhusu biashara, ndugu mnunuzi, Yohana Mbatizaji aliulizwa na watoza ushuru swali kama lako, Luka 3:12, mwalimu tufanye nini sisi? Hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa. Ni jibu fupi kweli na ni gumu kweli. Nunua kwa kilo, mbona AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, zinapima kwa mizani na zinaishi. Gari ukijaza kilo 100 mia mia utalipa nauli zaidi, ndiyo, hiyo ndiyo sehemu itakayokuuma na mi sina dawa yake. Labda muwe wawili watatu wenye nia moja mkodi gari kwa tani badala ya magunia, wenye malori wapo wanaokubali mkiongea nao.

mkulima_mpwapwa:

Naunga mkono hapo kwenye mizani. Mnunuzi mmoja akija kijijini na mizani ya kuning'iniza watu watamwachia yeye mahindi yote, wengine watabaki na madebe yao. Usidhani sisi hatuna akili, tunachokosa ni mtu wa kumuuzia.

mnunuzi_wa_mazao:

Wapendwa nimerudi, samahani nimekaa kimya wiki mbili.

Mke wangu nilimwambia usiku ule ule baada ya kusoma ya mama wa Majengo. Hakusema kitu. Siku mbili nzima tunaongea ya chakula na ya watoto tu. Siku ya tatu nimetoka ibada ya asubuhi nikamkuta stoo amekaa kwenye kiti kidogo, ana shazia na kamba, anashona mdomo wa gunia. Nilikuwa nimezipima tatu jana yake, kilo 96 kila moja, tatu zake ni 288. Akaniambia, "Ya tatu uliifunga vibaya ingemwagika njiani." Hiyo ndiyo aliyosema.

Nikakodi kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, nikachukua mizani ya kuning'iniza na yule yule kijana wangu wa kutikisa debe, nilitaka na yeye awepo. Tumefika kama saa 5, jua kali, njia imejaa tope la mvua ya usiku. Yule mama nilimkuta anachambua mlenda kwenye ungo. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitika marahaba, akasema "Ni wewe wa asubuhi", yani wa tafakari za asubuhi. Nikasema ndiyo mama ni mimi, na ni mimi wa debe pia.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yote yalikwisha. Nikamwambia tu kilo 240 ni zako, 48 ni za juu. Tukafunga mizani kwenye tawi la mkwaju mbele ya nyumba, tukaning'iniza gunia la kwanza. Mjukuu wake yuko darasa la sita, akasoma kwa sauti, tisini na sita. Bibi akasema soma tena. Akasoma tena. La pili, la tatu, hivyo hivyo, kila moja anasomewa mara mbili. Kijana wangu alikuwa ameinamisha uso muda wote.

Tulipomaliza kupima nikamwomba msamaha, nilipiga magoti maana nilishindwa kusimama. Aliniangalia muda mrefu. Hakusema nimekusamehe na sikumwuliza, nilikumbuka ulivyonionya mkulima wa Mpwapwa. Aliniuliza, "Na kaburi lake umeliona?" Nikasema hapana. Akanipeleka nyuma ya nyumba, pale pale ulipokuwa mkeka. Tulisimama. Akaomba yeye, kwa Kigogo, mi niliitika amina tu.

Tuliporudi mbele akakaa kwenye kigoda chake akamwambia mjukuu leta daftari la shule na kalamu. Akanyoosha mkono nyumba ya jirani kwa upande wa bonde akataja jina, na magunia mangapi. Akanyoosha nyumba ya pili. Alikuwa anakumbuka zote, nani aliuza nini mwaka gani, nani alikuwa na mgonjwa, nani alikuwa anampeleka mtoto sekondari. Mjukuu anaandika. Wawili wamefariki, kwa hao alitaja watoto wao na wanapoishi. Yamefika majina 11, na hicho ni kitongoji kimoja tu.

Akachana ile karatasi akanipa. Akaniambia twende kula, tukala ugali wa uwele na ule mlenda, kijana wangu naye akala.

Tafakari bado sijarudi kutuma, kwenye grupu nimewaandikia kwamba sadaka nimeiacha mbele ya madhabahu na nitarudi, wengi hawajaelewa lakini wamesema amina. Ile karatasi nimeibandika kwenye daftari nililokuwa naandikia tafakari. Mama wa Majengo nimefanya kama wewe, mstari uko juu ni ule ule wa Luka 6:38 na leo ni siku ya 20 niko nao. Kesho naenda kwa jina la pili, ni gunia 5, kilo 150 na 30 za juu yake, kirikuu nimeshakilipia. Debe nimelipasua kwa shoka, mke wangu amechukua kipande cha chini anawekea kuku maji.